Mwalimu Aliyesoma Redio

Jumamosi saa kumi jioni, nyumba ya Mwalimu ungeisikia kabla hujaiona. Unaiacha lami upande wetu wa Nyamira, unashuka kijia katikati ya majani chai, na hata hujafika kwenye mti wake wa avokado unapokewa na ule mlio: mkali, mrefu, wa kupanda na kushuka, kama mtu anayekaanga omena huku anapiga mluzi. Mbwa wa jirani walishauzoea. Watoto waliuiga wakienda mtoni. Aliyekuwa hausikii ni mwenyewe peke yake, maana Mwalimu alikuwa kiziwi, na redio aliifungulia mpaka mwisho kwa sababu, kama alivyopenda kusema, hakununua nusu ya redio.

Wapita njia walidhani chombo kimeharibika. Wapi! Ule mlio ulikuwa maandishi. Kuna stesheni moja ya ng'ambo ambayo mara moja kwa wiki, kwa nusu saa, hutuma kwa masafa mafupi habari na picha zilizogeuzwa kuwa sauti. Ukiweka laptopu karibu na redio, ikiwa na programu ya kazi hiyo, inausikiliza ule mlio na kuugeuza tena. Herufi zinatokea moja moja kwenye skrini, kisha picha inashuka mstari kwa mstari kuanzia juu, polepole, mpaka ukione kilichomo. Haitaki intaneti wala bando. Inataka redio, waya mrefu, na mtu mwenye subira.

Mimi nina duka dogo la kompyuta Nyamira mjini, na ndimi niliyemfungia vyombo hivyo. Ndimi pia niliyemkosea kwa vyombo hivyo hivyo, kosa lililomfanya aamini akili inamtoka, na likachangia kumng'oa nyumbani kwake. Sitalificha. Lakini niacheni kwanza nimkumbuke vizuri, maana nina hamu naye mpaka inaniuma, na mtu uliye na hamu naye namna hii huanzi na aibu yako.

Alinifundisha fizikia kidato cha pili na cha tatu. Hakuwa mwalimu wa kiboko. Alikuwa mwalimu wa swali. Siku moja nilinakili jibu la jirani yangu, jibu sahihi kabisa, akaja akasimama juu ya daftari langu akauliza kwa upole, "Hii ni ya nani?" Nikasema ni yangu. "Haya, nieleze ulivyofika hapa." Nikabaki nimetoa macho. Akaandika sifuri, kubwa, akaizungushia duara juu ya duara. Kwake aliyekosea kwa akili yake mwenyewe alipata nusu alama na neno "pole". Aliyepatia kwa akili ya mwenzake alipata sifuri, na jioni mama yake anajua, kwa sababu Mwalimu angempitia sokoni akiuza ndizi amweleze mbele ya wateja.

Redio yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, nzito, yenye mshale mwekundu unaotembea kwenye namba. Enzi zile akisikia, aliifungua kila jioni, na asubuhi kwenye paredi anatuambia ni serikali gani imeanguka duniani kabla gazeti halijafika Kisii. Tulidhani ana watu wake huko nje.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na duka langu, akaingia amekibeba kile chombo ndani ya kikapu, amekifunika leso kama kuku mgonjwa. Alikuwa ameshastaafu. Alisema amezunguka kwa mafundi watatu, wawili hapa mjini na mmoja Mosocho, wote wanamwambia redio haina neno, na redio imekufa. "Siku hizi fundi hajui hata kuficha kwamba hajui," akasema, kwa sauti ya juu kidogo kuliko haja.

Nikaiwasha. Duka zima likajaa mtu anasoma habari. Mteja aliyekuwa akichapisha fomu akaziba masikio. Mwalimu akanitazama kwa ushindi. "Umeona? Kimya."

Nilizima, nikawasha tena, nikijipa muda. Kisha nikachukua karatasi ya risiti nikaandika: *Redio haina tatizo, Mwalimu.* Akaisoma. Akaigeuza upande wa pili kuangalia kama kuna lingine. Halafu akavuta kile kiti cha wateja akakaa, mikono juu ya kikapu, na yule mteja wa fomu akatoka nje mwenyewe bila kuambiwa.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Basi mimi nikaanza kutafuta. Nilikaa wiki mbili nikisoma kila kitu kuhusu masafa mafupi, ndipo nikakutana na stesheni hiyo inayotuma maandishi. Nikachukua laptopu kuukuu iliyokuwa imetelekezwa dukani, nikaitia programu, nikampelekea. Jumamosi ya kwanza aliweka kiganja juu ya redio ausikie mtetemo, macho yake kwenye skrini. Neno la kwanza likatokea. Likafuatwa na la pili. Kile kiganja hakukiondoa mpaka ile nusu saa ikaisha. Kisha akaniuliza, "Na wiki ijayo watakuja tena?" Ningeweza kulia pale pale, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Nilimwambia mara nyingi, Mwalimu, habari zote ziko kwenye simu, na simu unayo, na macho unayo. Kuzungumza naye kulikuwa kwa daftari, maana midomo aliisoma kwa shida. Aliliweka mezani na kalamu yake, wewe unaandika, yeye anajibu kwa mdomo. Siku hiyo alisoma nilichoandika akasukuma daftari pembeni.

"Simu inaniletea kile wanachojua nakipenda. Hata matangazo ya viatu yananifuata. Redio haijui kama nipo. Nataka kitu kisichojua nipo, na bado kinifikie."

Waya wa antena aliusokota mwenyewe kwa shaba ya mota iliyoungua, akautandaza kutoka kwenye avokado hadi kwenye mkaratusi wa mpakani. Jirani yake, mama mmoja mcheshi mwenye watoto watano, akaona kamba imekaa bure. Ijumaa akaanika sare za shule. Watoto watano, mashati kumi, na akazisahau mpaka Jumamosi. Herufi zikaja zimevurugika, Mwalimu akahangaika na skrini robo saa nzima, halafu akatoka nje akayaona.

"Mama! Mashati ya watoto wako yamekula sentensi tatu!"

"Ai, Mwalimu, pole! Mimi nilidhani ni kamba tu!"

Mwalimu hakusikia hiyo pole, lakini aliuona uso wa yule mama, akaanza kucheka, na wawili hao wakacheka mpaka wakashikana. Tangu hapo jirani akitaka kuanika anakuja mlangoni, anainua shati na kuonyesha juu kwa kidole, na Mwalimu anampa ruhusa au anamnyima, kulingana na siku.

Kilichowasumbua watu zaidi ni Sabato. Kwetu Sabato si mchezo. Ijumaa jua likizama moto unazimwa, chakula kimeshapikwa, viatu vimeshapigwa rangi. Mwalimu alikuwa mkali kwa hayo kuliko wengi. Hata kupasua kuni hakuruhusu, na chai ya Jumamosi kwake ilikuwa ya thamosi, imechemshwa jana yake, chungu kidogo. Sasa mtu huyo huyo redio yake inapiga kelele Sabato jioni mpaka ng'ambo ya bonde. Wazee wawili wa kanisa wakatumwa. Nilikuwapo. Wakanywa ile chai ya jana, wakaandika kwenye daftari kwa heshima zote: *Mwalimu, ndugu wanauliza juu ya kazi hii.*

"Kazi gani?" akasema. "Mimi sifanyi kitu. Napokea. Mzee, mvua ikinyesha Sabato, mahindi yako huyaambia yafunge mdomo mpaka Jumapili?"

Yule mkubwa akajaribu kukunja uso, akashindwa. Mwenzake alikuwa ameshageukia skrini, ambako picha ya daraja ilikuwa ikishuka, akakaa hapo hadi daraja likaisha, na akauliza kama kuna nyingine.

Lakini ona jinsi alivyokuwa. Kupokea aliruhusu, kuandika hakuruhusu. Ripoti ya kupeleka kwa stesheni, kwamba mlio umefika saa ngapi, una nguvu gani, maneno ya kwanza yalikuwa yapi, picha ilionyesha nini, hiyo alisema ni kazi, na hatashika kalamu mpaka jua lizame. Basi anakaa mlangoni, yote ameyabeba kichwani, anatazama jua likishuka nyuma ya kilima. Likizama tu, anaingia, anawasha taa ya sola, anaandika kila kitu bila kukosa. Saini yake chini aliiweka kama mtu aliyekula kiapo. Ripoti alizituma kwa posta, bahasha na stempu, na stesheni ilimjibu kwa kadi yenye picha. Kadi hizo alizibandika ukutani sebuleni kando ya picha ya harusi. Hakuwahi kuandika kuwa amesoma kitu ambacho hakukisoma. Penye herufi iliyopotea aliacha nafasi.

Na asidhani mtu kwamba namchora mtakatifu. Binti yake wa Nakuru alimnunulia vifaa vya masikio, vizuri, vidogo. Mwalimu alivivaa siku mbili, akasema vinapiga kelele kama sufuria zinaoshwa, akavitia kwenye droo. Ila binti akipiga simu ya video, anavitoa haraka anavivaa, anaitikia kwa kichwa, "Ee, ee, nasikia vizuri," na binti akikata simu vinarudi kwenye droo. Nilimwandikia: *Mwalimu, huu si uongo?* Akasema si uongo, ni kumpoza mtoto. Nikamwandikia: *Ningepata sifuri.* Akaninyima chai.

Tena alikuwa hana subira na binadamu. Ukiandika pole pole anakupokonya kalamu amalizie sentensi yako, na mara nyingi anaimalizia kwa jambo ambalo hukukusudia. Subira yake yote aliiweka kwa redio. Angeweza kukaa nusu saa mbele ya skrini inayotapika takataka, akingojea neno moja lililo zima.

Na radi. Kwetu mvua ya alasiri inakuja na radi za kuua ng'ombe, na waya wa shaba uliotandazwa mtini unaziita. Ngurumo alikuwa hazisikii, lakini alikuwa anaziona: kila radi inapiga mstari mweupe kwenye skrini, chini hadi juu. "Hiyo imepiga kule Manga," anasema. Hakuwa na namna ya kujua kama ni Manga. Mistari ikikaribiana anaruka, mama wa miaka sabini na kitu, anachomoa waya wa antena na kuutupa nje kwa dirisha, kisha anarudi kukaa akijipepea kwa leso, amefurahi mno.

Haya. Sasa lile jambo.

Mwaka juzi Mwalimu aliugua mapafu. Alilazwa wiki mbili hospitalini Kisii, akarudi mwembamba, shingo imebaki mishipa. Jumamosi ya kwanza nyumbani alitaka kupokea. Tukawasha, stesheni haikuja. Jumamosi ya pili haikuja. Ya tatu nilifika nikamkuta amejifunga blanketi, amevaa nguo nzuri kwa ajili ya redio, na tulipowasha hakukuwa na kitu; redioni mlikuwa na mvumo tu kama wa upepo. Akaangalia ile skrini tupu. Akasema, siyo kwa uchungu, kwa kuchoka tu, "Labda na wao wamenisahau."

Akaenda jikoni kutoa thamosi. Nami kwenye simu nilikuwa na rekodi. Wasikilizaji wa stesheni hiyo huko mitandaoni huhifadhi matangazo ya zamani, na nilikuwa nimepakua moja la miaka iliyopita kwa ajili ya kujaribia kompyuta. Nikachomeka waya kutoka kwenye simu hadi kwenye laptopu, simu nikaifunika kwa kofia yangu. Aliporudi na vikombe, herufi zilikuwa zinatiririka.

Nyasae, Mungu wangu, furaha ile! Alisimama na vikombe mkononi. Habari zikaja safi kuliko alivyowahi kuziona, herufi hata moja haikupotea, kisha picha: stesheni ya treni kwenye theluji, taa imewashwa, hakuna abiria. Aliitazama mpaka mstari wa mwisho. Akalia. Mimi nikajiambia, kuna ubaya gani? Ni barua iliyochelewa. Jua lilipozama akaandika ripoti yake, tarehe ya siku hiyo, saini. Nilipopewa bahasha niipeleke posta niliipeleka. Na kabla sijaondoka jioni ile niliifuta ile picha kwenye laptopu, na maandishi yake, asije akagundua lolote.

Kadi ya stesheni ilichukua miezi miwili. Safari hii ilikuwa barua. Walimshukuru, wakasema ni msikilizaji wao mwaminifu, na kwamba labda amekosea tarehe, kwa sababu wiki hizo tatu mtambo wao ulikuwa umezimwa ukitengenezwa. Hawakutuma kitu. Na picha ya treni hawakuwa nayo kwenye matangazo yoyote ya mwaka ule.

Alinipa niisome. Uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa ameshaitafuta picha kwenye laptopu, na haikuwapo.

"Wewe ulikuwa hapa," akasema. "Uliiona ile treni?"

Daftari lilikuwa mbele yangu na kalamu juu yake. Ningeandika sentensi moja. Ikanirudia ile aibu ya kidato cha pili, na mkono wangu, mkono huu huu, ukaandika: *Sikumbuki vizuri, Mwalimu. Nadhani nilikuwa nje naongea na simu.*

Akasoma. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitishiwa alichokwisha kukijua. "Mama yangu alianza hivi," akasema. "Alianza kwa kuwaandalia chai wageni ambao hawakuja."

Tangu siku ile hakuwasha redio. Nilipouliza, alisema mtu anayeona visivyotumwa hana haki ya kusaini. Mimi nikaanza kupunguza kwenda. Duka lina kazi, nilijiambia. Mvua, barabara mbovu. Jumamosi saa kumi nilikuwa najishughulisha na chochote chenye kelele. Nikawa nasikia habari zake kwa jirani wa mashati tu: Mwalimu hatoki. Mwalimu ameacha kufundisha watoto wa shule ya Sabato, anasema asije akawapotosha. Mwalimu amemwambia binti yake kila kitu. Na mwezi wa tano tangu ile barua, jirani akaja dukani kununua daftari, akaniambia amemnunua ng'ombe wa Mwalimu. "Si unajua anahama? Binti anakuja Jumapili kumchukua. Nyumba inafungwa. Sijui kwa nini, mimi namwona mzima tu."

Nilifunga duka mchana kweupe. Nilishuka kile kijia karibu nikikimbia.

Alikuwa sebuleni, kadi zote ameshazibandua, amezifunga kwa uzi. Hakuuliza nilikuwa wapi miezi yote. Nikavuta daftari nikaandika, na sijawahi kuandika kitu kirefu namna ile tangu shule. Rekodi. Kofia. Picha niliyoifuta. Na kwamba niliiona treni, niliiona yote, taa ikiwaka na abiria hakuna, na nikaandika sikumbuki. Hakunipokonya kalamu. Alingoja mpaka nikamaliza.

Akasoma. Akarudi mwanzo akasoma tena, kidole kikifuata mstari.

"Treni ilikuwapo," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akainuka akaenda chumbani, akarudi na daftari jingine, akanifungulia. Kila ukurasa tarehe, na chini yake majina ya watoto wake, ya wajukuu, ya dada zake walio hai na waliokufa, sheria za mwendo, rangi za upinde wa mvua. Ukurasa baada ya ukurasa, miezi mitano. "Kila asubuhi kabla ya chai," akasema. "Najipa mtihani. Sijakosa hata jina moja. Lakini kila asubuhi nimefungua macho nikiogopa kwamba leo ndiyo leo." Sauti yake ilikuwa imepanda, ile sauti ya kiziwi isiyojua kipimo, na naamini bonde zima lilisikia. "Wewe mtoto! Umeniacha na woga huo peke yangu, miezi mitano, na njia ya kuja hapa unaijua!"

Nililia, naye akaniacha nilie bila kuniambia nyamaza, na hiyo ilikuwa haki yake.

Kisha akachukua simu yake akaniwekea mkononi. "Mpigie binti yangu. Mwambie kwa mdomo wako. Mimi nitatazama."

Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana, macho kwenye midomo yangu. Binti akapokea. Nikaanza na salamu na habari za watoto. Mwalimu akagonga meza kwa kidole. Nikasema yote.

"Kwa hiyo ulikuwa unamwona mama yangu anaisha, na wewe unajua sababu," binti akasema.

"Ndiyo, dada."

"Sina hata neno la kukuambia." Akavuta pumzi. "Lakini nisikilize. Ng'ombe ameshauzwa. Chumba nimeshamtayarishia. Mama hasikii hata mtu akivunja mlango, na majuzi mapafu karibu yamchukue akiwa peke yake humo ndani. Akili ikiwa nzima au si nzima, Jumapili anakuja. Wewe mwambie nimesema nitafikiria. Asilale na mawazo. Nikifika nitajua la kumwambia." Akakata.

Midomo yangu Mwalimu aliisoma. Ya binti yake hakuwa na namna ya kuisoma. Alikuwa ameinama mbele, mikono imeshikana, na usoni mwake kulikuwa na tumaini ambalo sikuwa nimeliona tangu Jumamosi ile ya kwanza.

"Amesema nini?"

Kalamu ilikuwa mezani. Neno lile, atafikiria, ni fupi sana. Lingempa siku tatu za kulala usingizi kitandani mwake. Binti mwenyewe ameniruhusu, nani angenilaumu?

Nikaandika alivyosema. Ng'ombe, chumba, mlango, mapafu. Jumapili. Nikaandika pia kwamba ameniomba nimwambie atafikiria, na kwamba hatafikiria.

Mwalimu akasoma polepole. Akatazama nje dirishani, kwenye waya wake uliotoka kwenye avokado hadi kwenye mkaratusi. Siku hiyo haukuwa na nguo. Kisha akalirudisha daftari upande wangu, akalinyoosha vizuri mbele yangu.

"Huko Nakuru anakaa ghorofani," akasema. "Kutakuwa na mahali pa kufunga waya?"

Nikaandika: *Sijui, Mwalimu.*